Pete ndogo, hasara kubwa: wauza lenzi wakague kinachoishika

Wafanyabiashara wengi wa kamera za ulinzi, hadubini na darubini hupima ubora wa mzigo kwa kuangalia kioo. Huuliza lenzi imetengenezwa nchi gani, inavuta picha kwa kiasi gani na bei ya jumla ni shilingi ngapi. Wachache sana huuliza lenzi hiyo imeshikwa na nini. Hilo ni kosa la kibiashara, na hasara yake humwangukia kwanza mwenye mtaji mdogo.

Mara nyingi kinachoishika lenzi ni pete nyembamba ya alumini au shaba, yenye meno ya skrubu kwa nje na mikato miwili ya kuingizia spana. Lenzi hukalia ukingo ulio ndani ya bomba, kisha pete hufungwa juu yake. Ikilegea, lenzi hucheza na picha huingia ukungu. Ikikazwa kupita kiasi, kioo huelemewa, picha huharibika na pengine kingo za lenzi humeguka. Pete nzuri huwa nyeusi isiyong'aa ili isirudishe mwanga ndani ya bomba.

Anayedhani hayo ni mambo madogo akumbuke darubini ya anga ya Hubble. Ilirushwa na Marekani Aprili 1990 baada ya kugharimu takriban dola bilioni 1.5, na miezi miwili baadaye ikagundulika kwamba haioni sawasawa. Tume ya uchunguzi ilibaini kuwa kioo chake kikuu, chenye upana wa mita 2.4, kilisuguliwa kwa kufuata kipimo kibovu. Ndani ya chombo hicho cha kupimia, lenzi moja ilikuwa imewekwa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye kifuniko cha fimbo ya kupimia, mwanga ukarudi kutoka kwenye kifuniko badala ya ncha ya fimbo, na mafundi wakaongeza washa za kawaida ili lenzi ifike mahali ambapo kipimo kilidai ikae. Chombo kingine kilionyesha kuna kasoro, lakini majibu yake yakapuuzwa.

Wanaanga walipelekwa kuirekebisha Desemba 1993. Mwaka huohuo kampuni zilizohusika zilikubali kubeba dola milioni 25 kumaliza madai ya serikali. Washa chache za bei ya chini kabisa zilikuwa sehemu ya kosa lililozaa bili hiyo.

Katika maduka ya kawaida hasara haina makelele kiasi hicho, lakini chanzo ni kilekile. Kamera za ulinzi ni mfano mzuri. Kuna vipimo viwili vya kufungia lenzi, C na CS, na vyote vina meno yaleyale: kipenyo cha inchi 1, meno 32 kwa kila inchi. Mkononi lenzi huingia bila tatizo. Tofauti ipo kwenye umbali kutoka mahali pa kufungia hadi penye kipokea picha: C ni milimita 17.526 na CS ni 12.526. Lenzi ya C hufanya kazi kwenye kamera ya CS iwapo itawekewa pete ya milimita 5 katikati. Lenzi ya CS kwenye kamera ya C haitatoa picha safi kwa namna yoyote. Aliyeagiza mzigo bila kujua hilo atabaki na bidhaa nzima isiyouzika, na muuzaji wa ng'ambo atamjibu kwamba alipewa alichoagiza.

Kwenye hadubini hali ni hiyo hiyo. Kipimo cha chama cha hadubini cha Uingereza, inchi 0.8 kwa meno 36 kwa inchi, kimeanzia karne ya 19 na bado kinatumika katika hadubini nyingi za shule na maabara. Lakini baadhi ya watengenezaji wakubwa wana vipimo vyao wenyewe. Kwa hiyo neno "inaingia kwenye hadubini zote" lisiaminiwe mpaka lijaribiwe.

Joto nalo lina hesabu yake. Alumini hutanuka karibu mara tatu zaidi ya kioo cha kawaida cha lenzi. Kamera iliyofungwa chini ya bati hupata joto mchana na kupoa usiku, kila siku. Pete iliyokatwa ovyo hulegea taratibu, na mteja hurudi dukani akidai lenzi ni mbovu.

Wapo wanaosema gundi inatosha, na kwa lenzi ndogo za bei rahisi ni kweli inatumika sana. Gundi hupunguza gharama za kiwandani. Lakini lenzi iliyogandishwa ni vigumu kuifungua, kuisafisha au kuibadilisha, na fundi wa mtaani hukosa kazi. Anayeuza bidhaa ya namna hiyo aiuze kwa bei yake, asiiite sawa na ile yenye pete.

Kwa mwekezaji mdogo somo liko wazi. Duka au karakana inayoshika vipimo vinavyojulikana huuza vipuri kwa wateja wa zamani na wapya pia. Inayouza vifaa visivyooana na vingine hutegemea mteja asiyerudi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai kipenyo, idadi ya meno na umbali wa kufungia viandikwe kwenye ankara ya awali. Aombe sampuli, aifungue, aifunge tena kwa mkono na kuisikiliza ikitikiswa. Aagize pia pete za akiba. Muuzaji asiyekuwa tayari kuandika vipimo hivyo hastahili kulipwa hata malipo ya awali.