Mgombea Udiwani Aulizwe Habari za Zabuni

Kila uchaguzi wa madiwani unapowadia katika kata zetu za Geita, Kahama na Shinyanga, maswali huwa ni yale yale: mgombea ni mtoto wa nani, amezaliwa kijiji gani, na husaidia nini misibani. Maswali hayo si mabaya, kwani asiyejulikana ni vigumu kumwamini. Lakini hayatoshi.

Historia ya Kanda ya Ziwa inatufundisha hivyo. Marehemu Paul Bomani aliwaunganisha wakulima wa pamba katika ushirika miaka ya 1950, kisha akawa Waziri wa Fedha. Hata hivyo, mwaka 1965, TANU iliposimamisha wanachama wawili washindane katika kila jimbo, wapiga kura wa Mwanza walimpa ushindi mwenzake. Sifa za jana hazikumwepusha na mizani ya siku ile.

Mizani ya leo sharti ipime jambo jingine. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali ulipo. Kwa hiyo ni zahanati ipi ijengwe na ni shule ipi ipate madawati ni mambo yanayopita mikononi mwa madiwani. Je, ikiwa diwani mwenyewe, au ndugu yake, ndiye mwenye zabuni ya saruji, mle barazani atakuwa anamsemea nani?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni au kupokea mishahara miwili. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na leo diwani anaweza kuwa mfanyabiashara. Hatumwonei kijicho. Lakini sheria ingali inamtaka mjumbe mwenye maslahi yake katika jambo lililo mezani ayatamke na asilipigie kura. Mgombea anayekasirika kwa kuulizwa habari hizo mkutanoni amekwisha kujibu.

Halafu aulizwe msimamo wake kuhusu kesho. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009, na kufikia 2021 ulikuwa umekoma kuchimba. Dhahabu haioti tena kama pamba. Mgombea asiyeweza kueleza kata yake itaishi vipi mgodi ukifungwa, huyo anaomba kugawa, haombi kuongoza.

Udiwani ni amana, na mwenye mali ana haki ya kumhoji anayetaka kuishika. Wala asitokee wa kusema kura yake moja haina kitu: mwaka 2010, ubunge wa Shinyanga Mjini ulitangazwa kwa tofauti ya kura moja.