Istilahi Zimejaa Ghalani, Matini Yako Wapi?

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Kauli hiyo ni ya kweli kwa mambo mengi, lakini ipo akiba moja ambayo imeanza kuota ukungu mbele ya macho ya wasomi wa Kiswahili, nayo ni akiba ya istilahi. Kwa miongo kadhaa sasa, wataalamu wa lugha hii wamebuni, wamekopa, wamesanifisha na kuorodhesha maneno ya sayansi na uhandisi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mnamo mwaka 1990. Tangu hapo, tasnifu juu ya mbinu za uundaji wa istilahi zimeandikwa, zikatetewa na kuwekwa kwenye rafu za maktaba. Hata hivyo, mkulima wa Siaya au mama wa Gilgil anayetaka kujua watafiti wamegundua nini kuhusu shamba lake au maji anayowapa wanawe, ni nadra apate ukurasa mmoja wa Kiswahili utakaomweleza kwa ukamilifu.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa lugha yenyewe. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubeba sayansi, na kwamba mpaka maneno hayo yapatikane, wanasayansi hawana budi kuendelea kuandika kwa Kiingereza. Dai hili limerudiwa mara nyingi mno hata likaaminiwa na baadhi ya wanafunzi wa Kiswahili wenyewe. Ukweli ni kinyume. Upungufu mkubwa wa Kiswahili leo katika nyanja za uhandisi na sayansi tumizi si upungufu wa maneno bali ni upungufu wa matini. Na jukumu la kuziba pengo hilo haliwezi kuachiwa wahandisi na wanakemia peke yao.

Mfano wa maji ya Bonde la Ufa unatosha kulidhihirisha jambo hili. Miamba ya volkeno iliyo chini ya sehemu nyingi za bonde hilo ina floridi, ambayo huyeyuka polepole na kuingia katika maji ya visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa kila lita, lakini visima kadhaa katika maeneo ya Nakuru na Naivasha hupita kiwango hicho. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati ambapo meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wala kwa dawa ya meno. Kiwango kikizidi sana na miaka ikienda, mifupa na viungo navyo huathirika.

Watafiti hawakulikalia kimya tatizo hili. Katika kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha nchini Tanzania, na huko Nakuru ambako Jimbo Katoliki lilianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wametumia mkaa wa mifupa kuondoa floridi katika maji. Mifupa ya wanyama huchomwa katika tanuri lenye hewa haba, kwenye joto la takriban nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, kisha husagwa kuwa chembechembe na kutiwa ndani ya chujio. Joto likiwa dogo, mkaa hubaki na harufu na kuyaharibu maji. Likizidi, mfupa hugeuka mweupe na kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kunasa floridi. Hii ni kemia halisi na ni uhandisi halisi. Kadhalika, imeelezwa katika aya hii bila ya kuazima sentensi hata moja ya Kiingereza.

Sasa na iangaliwe hali ya mtumiaji wa chujio hilo. Ipo mambo matatu anayopaswa kuyajua. Kwanza, floridi haina rangi, na maji yaliyo nayo yaweza kung'ara kama kioo. Pili, mkaa wa mifupa hushiba. Baada ya muda huacha kunasa floridi ingawa chujio halionyeshi dalili yoyote ya kuchoka, kwa hiyo ni lazima maji yapimwe na mkaa ubadilishwe. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, kuchemsha maji hakuondoi floridi. Kwa hakika, maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, floridi iliyobaki huzidi kukolea.

Kila Mkenya amelelewa akiambiwa achemshe maji ya kunywa. Agizo hilo lilifika hadi vijijini kwa sababu lilitolewa kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, likabandikwa zahanatini, likafundishwa darasani na kurudiwa redioni. Ni agizo jema, kwa kuwa huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini mama wa Gilgil anayelitii kwa uaminifu hana njia ya kujua kwamba kuna hatari nyingine ambayo moto hauiwezi. Elimu inayomkosoa kwa upole na kumwongoza imo katika majarida ya Kiingereza. Mtoto wake huchekwa shuleni kwa meno yake, naye hulaumiwa kwa kutomfunza mwanawe kupiga mswaki. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo hupungukiwa pale ambapo maelezo ya usalama wenyewe yamefungiwa katika lugha asiyoisoma mwenye haki.

Yapo mafanikio yanayothibitisha kwamba mambo yaweza kuwa tofauti. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, watafiti wa shirika la icipe, lililoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mnamo mwaka 1970, walishirikiana na wenzao wa Rothamsted nchini Uingereza katika miaka ya 1990 kutafuta njia ya kuwadhibiti viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Walipanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za nepia pembezoni mwa shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo. Harufu ya nepia huwavuta watage huko, na viwavi wengi wanaoanguliwa hufia katika utomvu wake unaonata. Zaidi ya hayo, mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoichochea mbegu ya striga kuota na kisha kuizuia isishike mzizi wa mhindi. Striga ndilo lile gugu ambalo Watanzania huliita kiduha na Waluo kayongo, na ambalo limewafilisi wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya.

Mbinu hiyo iliitwa vuta-sukuma. Jina hilo halikuhitaji kamati wala kongamano. Ni vitenzi viwili ambavyo hata mtoto wa chekechea anavijua, na ndani yake mna nadharia nzima: kimoja kinaeleza kazi ya nepia, kingine kazi ya desmodiamu. Mkulima akilisikia jina, tayari amepata nusu ya maelezo. Hapana budi wanafunzi wa isimu watafakari kwa nini jina hilo limeenea mashambani ilhali istilahi nyingi zilizosanifiwa kwa bidii zimebaki kamusini. Jibu ni kwamba vuta-sukuma lilizaliwa ndani ya maelezo na ndani ya kazi. Istilahi nyingine zilizaliwa ndani ya orodha.

Jambo hili si geni katika historia ya Kiswahili. Mafundi wa majahazi wa Lamu walikuwa na uhandisi wao kabla ya vyuo vikuu kujengwa. Walijua mkuku ulazwe vipi, mataruma yapangwe wapi, ubao upindwe namna gani na kalafati itiweje ili maji yasipenye. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany aliutunga ujuzi huo kwa ushairi katika Sambo ya Kiwandeo, utenzi uliochapishwa mwaka 1979. Msomaji anayejifunza majina ya sehemu za chombo humo hayapati kama orodha, bali huyapata yakiwa kazini, kila moja mahali pake katika ujenzi. Nabhany huyohuyo alipendekeza neno 'runinga', na watu wakalipokea kwa sababu watangazaji na waandishi walilitumia kila siku. Neno huishi kwa kutumiwa, na mahali pa kutumiwa ni katika sentensi.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi yafaa kuuliza ni kwa nini wasomi wa Kiswahili wametumia nguvu nyingi hivyo kuzozana juu ya maneno pekee. Mjadala kuhusu 'tarakilishi', 'ngamizi' na 'kompyuta' umechukua saa nyingi za makongamano, wakati ambapo vitabu vya Kiswahili vya kumfundisha kijana jinsi mashine hiyo inavyofanya kazi ni vya kuhesabika. Wakenya husema 'kawi' na Watanzania 'nishati'. Mwandishi mmoja huandika 'floridi' na mwingine 'floraidi'. Tofauti hizi zina umuhimu, lakini haziwezi kutatuliwa mezani. Kiingereza nacho kilikuwa na maneno mengi yaliyoshindana katika sayansi, na matumizi ndiyo yaliyoyachuja. Pasipo matini, hakuna cha kuchuja.

Watakuwapo wanaopinga. Wengine watasema kwamba mwanasayansi wa Kenya akiandika kwa Kiswahili atajitenga na wenzake wa ulimwengu mzima. Hoja hii ina uzito na haistahili kubezwa. Mtafiti wa Olkaria, ambako mtambo wa jotoardhi ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, anahitaji kusomwa Iceland na New Zealand, na Kiingereza humfikisha huko. Lakini hakuna anayemtaka aache. Kinachodaiwa ni kwamba utafiti uwe na milango miwili: mmoja wa kuwatokea wataalamu wa mbali, na mwingine wa kumtokea jirani anayeishi kando ya kisima cha mvuke na anayeuliza ni kitu gani kinachonguruma usiku.

Wengine watakumbusha kwamba Tanzania, yenye kamusi na mabaraza, ingali inafundisha sayansi ya shule za sekondari kwa Kiingereza kwa kiasi kikubwa, na kwamba Kenya haiwezi kufaulu pale ambapo jirani amesita. Hoja hii, ikichunguzwa vyema, inaunga mkono yale yanayodaiwa hapa. Kamusi ilitangulia, vitabu na madarasa havikuifuata, nayo kamusi ikabaki kama jembe jipya lililotundikwa ukutani. Jembe halilimi kwa kutundikwa.

Wapo pia watakaosema kuwa Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila Mkenya. Ni kweli, na mkulima wa Mbita huenda akaelewa zaidi kwa Kidholuo. Hata hivyo, Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na ni kutoka kwa Kiswahili ambapo mtangazaji wa redio ya kienyeji au mwalimu wa kijijini anaweza kuvuka kwa wepesi zaidi hadi lugha ya mama.

Basi kifanyike nini? Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Kila tasnifu ya uhandisi au sayansi tumizi inayotetewa katika chuo kikuu cha Kenya iambatane na ikisiri ya Kiswahili ya ukurasa mmoja au miwili, iliyoandikwa na mtafiti kwa ushirikiano na mwanafunzi wa Kiswahili. Mwanafunzi atalazimika kuuliza maswali mpaka aelewe, na mtafiti atalazimika kueleza mpaka aeleweke. Wote wawili watafaidika.

Hatua ya pili inawahusu wahadhiri. Idara za Kiswahili zikubali matini ya kisayansi kuwa mradi halali wa shahada. Mwanafunzi aandike, tuseme, kijitabu cha kurasa 30 juu ya mkaa wa mifupa, akakisomee wanawake wa chama huko Gilgil, aandike ni wapi walipokwama, ni neno gani walilolikataa na ni lipi walilolileta wenyewe, kisha akirekebishe. Kazi kama hiyo ina nadharia, ina data na ina manufaa. Hapana sababu ya kuihesabu kuwa duni kuliko tasnifu nyingine moja juu ya uambishaji katika istilahi za kompyuta.

Hatua ya tatu inawahusu wanafunzi na vyama vyao. Majarida ya vyama vya Kiswahili yamejaa mashairi, tahakiki na hadithi fupi, na ni sawa yawe hivyo. Lakini jarida lenye nafasi ya shairi juu ya mvua lina nafasi pia ya makala juu ya namna mvua inavyovunwa katika matangi. Mwanafunzi wa Kiswahili anaishi bweni moja na mwanafunzi wa uhandisi wa maji. Hula pamoja mkahawani na hucheka pamoja. Iwapo miaka minne itapita bila ya mmoja kumwandikia mwenzake ukurasa mmoja, kosa halitakuwa la lugha.

Utafiti ambao haujamfikia aliyekusudiwa haujakamilika, hata ukitunukiwa shahada na kusifiwa ng'ambo. Vivyo hivyo, istilahi ambayo haijapata sentensi haijazaliwa, hata ikipitishwa na baraza. Mtoto wa Gilgil hawezi kusubiri kamusi nyingine, kwa kuwa meno yake yanaumbika leo. Ghala limejaa mbegu. Msimu ndio huu, na mbegu hazioti zikiwa ghalani.