Sasa Niende Wapi? Barua ya Wazi kwa Idara ya Menejimenti ya Maafa

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Menejimenti ya Maafa,
Ofisi ya Waziri Mkuu,
Dodoma.

YAH: ONYO LA KIMBUNGA NA MAHALI PA KUKIMBILIA

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia nikiwa Lindi, na nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la watu wengi. Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia pwani yetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutahadharisha mapema, na redio zilitangaza mpaka tukakariri. Kwa kazi hiyo nawashukuru kwa moyo wote. Ila jioni ya kuamkia siku ile jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu ambaye nyumba yake ya udongo iko hatua chache kutoka kwenye mikoko, aliniuliza swali ambalo nilishindwa kulijibu: "Sawa mwanangu, nimesikia. Sasa niende wapi?"

Kimbunga kilipungua nguvu kilipofika nchi kavu. Mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, malori yakalala njiani, lakini nyumba ya bibi ilisimama. Nikaanza kusoma habari za watu waliokwisha kuulizana swali hilohilo kabla yetu.

Ghuba ya Bengal ni mkono wa bahari yetu hiihii ya Hindi. Kwenye kichwa chake cha kaskazini iko Bangladesh, nchi ambayo sehemu yake kubwa imetandazwa na tope la mito ya Ganges, Brahmaputra na Meghna, na pwani yake imeinuka mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Ghuba inajifinya kama faneli, na kwenye kichwa hicho kina chake ni kifupi. Kimbunga kikiingia humo husukuma maji mbele yake, na maji yakikosa pa kutawanyikia hupanda. Usiku wa 12 Novemba 1970 yalipanda juu ya kisiwa cha Bhola na visiwa jirani wakati bahari imejaa. Nchi ilikuwa bado ikiitwa Pakistan ya Mashariki. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000. Katika kumbukumbu zilizopo, hakuna kimbunga kilichoua watu wengi zaidi ya hicho.

Anayesikia habari hiyo hudhani watu wale hawakuambiwa. Waliambiwa. Redio ilitangaza hatari, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wakazi wa eneo lile walijua kimbunga kinakuja. Waliokimbilia kwenye majengo imara walikuwa kama asilimia 1. Naomba uzisome tena hesabu hizo mbili, Ndugu Mkurugenzi, maana barua yangu yote imo kati ya 90 na 1.

Wangekimbilia wapi, na majengo yenyewe hayakuwepo? Ng'ombe, ambaye kwa mkulima maskini ndiye benki na ndiye jembe, nani angebaki naye? Tena wiki chache kabla, mwezi Oktoba, walikuwa wametangaziwa hatari kubwa, na kimbunga kikaja hafifu. Sisi wa kusini jambo hilo tunalijua. Aprili 2019 Mtwara ilifunga shule na ofisi, watu wakahamishwa, kisha kimbunga Kenneth kikaenda kupiga Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Ilikuwa sahihi kabisa kutahadharisha. Mchepuko wake ndio uliotuokoa. Lakini mtu aliyehamishwa kisha asione kitu anastahili kurudiwa na kuelezwa, tena uso kwa uso, kwa nini kimbunga kilichepuka na kwa nini mara nyingine huenda kisichepuke. Asipoelezwa, mara ya pili atabaki nyumbani kwake, na hatakuwa mjinga. Atakuwa amejifunza kutokana na alichokiona.

Mwaka 1972 Bangladesh ilikuwa taifa la mwaka mmoja. Ilikuwa imetoka vitani, madaraja yamevunjwa, mamilioni ya wakimbizi ndio kwanza wanarudi. Katika hali hiyo, kwa kushirikiana na Msalaba Mwekundu, ilianzisha Mpango wa Kujiandaa na Vimbunga. Walichofanya hakikuhitaji mitambo ya ajabu. Walichagua watu wa kujitolea kijiji kwa kijiji, wakawapa redio, kipaza sauti cha mkononi, king'ora cha kuzungusha na bendera. Bendera moja ikipanda, watu wakae macho. Zikiwa mbili, wajiandae. Zikiwa tatu, ondokeni sasa hivi. Kikosi kimoja hugawana kazi: huyu anatangaza, yule anafungua makazi ya dharura, mwingine anajua nyumba ipi ina mlemavu wa kubebwa. Misikiti nayo hutoa vipaza sauti vyake. Leo watu hao wa kujitolea wako zaidi ya 70,000, na nusu yao ni wanawake.

Nusu hiyo ya wanawake ilitokana na msiba. Tarehe 29 Aprili 1991 kimbunga kingine kiliipiga pwani ya Chittagong na kuua watu karibu 140,000, na wanawake walikufa wengi mno kuliko wanaume. Kipaza sauti kilikuwa kimepita, tena kikishikwa na mwanamume, kikizungumza na wanaume sokoni na barabarani. Mwanamke alibaki na watoto akisubiri mume arudi aseme tuondoke. Makazi ya dharura yalikuwa machache na hayakuwa na chumba wala choo cha wanawake, kwa hiyo mwanamke mwenye staha zake aliona heri abaki nyumbani. Msomaji wa Kilwa, wa Mafia au wa Kibiti hahitaji kufafanuliwa hayo. Anamjua dada yake, anamjua mama yake.

Baada ya hapo wakajenga, na mpaka leo wanajenga. Yapo maelfu ya majengo ya zege yaliyosimama juu ya nguzo, maji ya bahari yakija yapite chini. Siku za kawaida mengi yake ni shule, kwa hiyo hayageuki magofu, na kila mtoto anajua njia ya kufika pale hata gizani. Wakatenga vyumba vya wanawake. Wakainua vilima vya udongo kwa ajili ya mifugo, maana walikubali hatimaye kwamba mtu hamwachi ng'ombe wake kwa kuamrishwa na redio. Kimbunga Sidr cha Novemba 2007, kilichokuwa na nguvu ya kutisha, kiliua watu wapatao 3,400. Amphan kilipokuja Mei 2020, katikati ya korona, walihamishwa watu zaidi ya milioni 2, na nchini humo waliokufa hawakuzidi 30. Vimbunga havilingani, na msitu wa mikoko wa Sundarbans ulipokea sehemu ya pigo. Hata hivyo, kushuka kwa vifo kutoka laki kadhaa hadi makumi hakukuletwa na bahati.

Wanasema la mgambo likilia kuna jambo. Mgambo wetu siku hizi ni ujumbe wa simu, na simu ya bibi niliyemtaja ilikuwa haina chaji tangu juzi yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka ziwepo kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Msingi huo ni mzuri. Naomba kamati hizo zipewe sura za watu: katika kila kitongoji cha delta ya Rufiji, Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara wawepo wanawake na wanaume wanaojulikana kwa majina, waliofunzwa, wenye kipaza sauti na bendera, wanaofanya mazoezi kila mwaka watoto wakiwatazama. Naomba pia shule moja katika kila kata ya mabondeni ijengwe juu ya nguzo, na wananchi waoneshwe njia yake kabla ya mvua. Watu hao na jengo hilo ndio jibu la swali la bibi.

Kuna jambo la pili, Ndugu Mkurugenzi, na hili naliandika kwa hofu. Mafuriko yanapozidi, kiongozi hushawishika kujenga ukuta. Ukuta unapigwa picha, unazinduliwa. Bangladesh ilishawishika hivyo tangu miaka ya 1960, ikazungushia ardhi ya pwani matuta makubwa ya udongo. Maeneo yaliyozungushiwa yako 139. Mwanzoni mpunga ulistawi, chumvi ikazuiwa, watu wakafurahi.

Lakini delta ni nchi inayolishwa. Maji yakijaa huleta tope, yakipwa hulitua, na kwa kutua huko ardhi huinuka kidogo kidogo hata kama udongo wa chini unashindilika. Tuta lilipozuia maji yanayojaa lilizuia na tope. Ardhi ya ndani ikaendelea kudidimia bila kulishwa, na tope lililokosa pa kwenda likaziba mito nje ya tuta. Katika baadhi ya maeneo hayo wapimaji wamekuta mashamba ya ndani yako chini zaidi ya mita 1 kuliko ardhi ya msitu wa jirani ambao haukuzungushiwa kitu. Mvua ikinyesha maji hayatoki. Tuta likipasuka bahari inaingia kama inayomiminika ndani ya bakuli. Ndivyo ilivyokuwa kwa kimbunga Aila mwezi Mei 2009: waliokufa papo hapo walikuwa mamia, si maelfu, lakini matuta ya Khulna na Satkhira yalivunjika, na katika vijiji kadhaa maji ya chumvi yaliingia na kutoka kila siku kwa karibu miaka miwili. Watu waliishi juu ya mabaki ya matuta. Visima vikawa chumvi, miti ya matunda ikakauka ikiwa imesimama, vijana wakaenda Dhaka kuendesha riksho. Walionusurika na kimbunga walishindwa na chumvi.

Dawa waliitoa wakulima wenyewe. Mwaka 1990, kwenye bonde la Beel Dakatia, wanavijiji waliochoka kukaa ndani ya maji yaliyotuama walilikata tuta kwa mikono yao na kuruhusu maji ya bahari yaingie na tope lake. Serikali iliona ni uhalifu. Baadaye wahandisi wakaikubali njia hiyo, wakaifanyia kazi kwenye mabonde mengine, na leo ina jina la kitaalamu na nafasi yake katika mipango ya nchi.

Hilo linatuhusu. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na hakuna mahali pengine katika Afrika Mashariki penye mikoko mingi namna hiyo pamoja. Mikoko hiyo ndiyo tuta letu, linalojijenga lenyewe na kujiinua lenyewe, ilimradi mto uendelee kuleta udongo na msitu usifyekwe kwa mpunga na mkaa. Bwawa la Julius Nyerere, huko juu kwenye mto huohuo, limetupa umeme ambao nchi iliuhitaji. Litashika pia sehemu ya udongo huo, ndivyo mabwawa yalivyo. Naomba Idara yako ikae meza moja na wanaoendesha bwawa, ili maji yanapofunguliwa kijiji cha chini kijue saa na kimo, na ili suala la udongo liwe na mtu wa kulijibu. Naomba pia wazee wa Rufiji wasikilizwe. Waliishi na mto kwa kujenga madungu juu ya nguzo na kulima mlau maji yanapopungua, na walipohamishiwa sehemu zilizoinuka mwishoni mwa miaka ya 1960, wengi walirudi bondeni kulima kwa sababu chakula kilikuwa kule.

Najua bajeti ni finyu. Najua pia kwamba ongezeko la joto la bahari linalovitia vimbunga nguvu hatukulisababisha sisi wala Wabangladeshi, na madai yetu kwa nchi tajiri katika Mfuko wa Hasara na Uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi ni ya haki, tuendelee kuyadai. Lakini wenzetu walianza mwaka 1972 bila mfuko wowote wa namna hiyo, kwa kipaza sauti na bendera.

Vimbunga si wageni kwetu. Mwaka 1872 kimoja kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na mwaka 1952 kingine kiliupiga mji huu wa Lindi. Hidaya kilikuja mwaka 2024. Msimu unafunguka tena Novemba. Nakuomba, kabla ya Novemba hiyo, chagua kata moja ya delta, jenga jengo moja, funza kikosi kimoja, na uje mwenyewe siku ya mazoezi. Bibi yupo, nitamleta.

Wako katika kujenga taifa,
Mkazi wa pwani, Lindi