Taka za kielektroniki: Sheria ipo, lakini mzigo ni wa nani?

KARIBU kila nyumba nchini Kenya ina mahali pa kuwekea vitu vilivyokufa. Huenda ni droo ya simu zisizowaka, au ni kona yenye televisheni nzito ya zamani, pasi iliyoungua na betri ya sola iliyoisha nguvu. Havitumiki wala havitupwi, kwa kuwa mwenyewe hajui pa kuvipeleka na huona uchungu kuviachilia bure.

Siku moja hupita kijana mwenye mkokoteni akitangaza kwamba ananunua vyuma vikuukuu. Vitu vinapimwa, mwenye nyumba anapokezwa shilingi chache na mzigo unaondoka. Kwake yeye, jambo limekwisha. Kwa hakika, hapo ndipo linapoanza.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022. Chini ya robo ya taka hizo ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa kwa njia rasmi. Kwa Kenya, makadirio ya mwaka 2019 yalikuwa takriban tani 51,000.

Taka hizi si kama maganda ya ndizi. Kioo cha televisheni za zamani kina madini ya risasi, taa za mirija zina zebaki, na betri ya gari ni risasi iliyozamishwa ndani ya asidi kali. Nyaya nazo huchomwa ili plastiki iteketee na shaba ibaki. Shaba huuzwa, lakini moshi wenye sumu huvutwa na aliyewasha moto pamoja na jirani zake.

Sumu ya risasi huwadhuru zaidi watoto, kwani hushambulia ubongo unaokua. Mwaka 2007, utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) uliwapima watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa la Dandora, Nairobi. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Jaa hilo lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970 na likatangazwa kujaa mwaka 2001, lakini malori yaliendelea kumwaga taka humo kwa miaka mingi baadaye.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya yote haya ni kuchakata tu, yaani taka zisifike jaani bali zigeuzwe kuwa bidhaa tena. Wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wana ushahidi tofauti.

Kiwanda kilichoanza kazi karibu na kijiji hicho mwaka 2007 hakikuwa kikitupa taka. Kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi ya kuuza. Moshi uliingia majumbani, maji machafu yakapita vijiani, na watoto wakaanza kuugua. Miongoni mwao alikuwa mwana wa Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye aliongoza kampeni ya kutaka kifungwe. Kilisitisha shughuli zake mwaka 2014.

Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Taasisi za serikali ziliangukiwa na sehemu ya lawama kwa kushindwa kuwalinda. Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo mwaka 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuirejesha Desemba 2024. Hiyo ni miaka kumi tangu kiwanda kinyamaze. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Funzo la Owino Uhuru ni kwamba urejelezaji usiosimamiwa waweza kuua kuliko jaa lenyewe. Kwa hivyo swali si iwapo vitu vikuukuu vinachakatwa, bali vinachakatwa na nani, wapi, na kwa gharama ya nani.

Bunge lilijaribu kulijibu swali hilo kupitia Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Sheria hiyo inamtwika mtengenezaji au mwagizaji wa bidhaa wajibu wa kuishughulikia hadi mwisho wa maisha yake, na kanuni za mwaka 2024 zikafafanua namna ya kuutekeleza. Kaunti nazo zinatakiwa kuanzisha vituo vya kutenganisha taka.

Hata hivyo, serikali ilipopendekeza ushuru wa mazingira katika Mswada wa Fedha wa 2024, wananchi waliona mzigo mwingine juu ya bei ya simu na nepi. Mswada wote uliondolewa Juni mwaka huo kufuatia maandamano. Hasira ile ilikuwa na msingi. Mtu hawezi kuombwa alipie usafi ilhali hajaonyeshwa hata pipa la kutupia betri yake.

Bila shaka gharama ya urejelezaji salama itaingia kwenye bei ya bidhaa kwa njia moja au nyingine. Tofauti ni kwamba leo gharama hiyo inalipwa kimyakimya kwa damu ya watoto wanaoishi kando ya majaa na viwanda.

Njia ya kutoka inaanzia kwa yule kijana wa mkokoteni. Yeye ndiye anayefika mlangoni, mahali ambapo wenye viwanda vilivyoidhinishwa hawafiki. Kumfukuza au kumwita mhalifu hakutapunguza taka hata kwa kilo moja. Iwapo pesa za watengenezaji na waagizaji zitamlipa zaidi kwa simu au betri nzima kuliko anavyopata kwa shaba iliyochomwa, hatakuwa na sababu ya kuwasha moto.

Maduka yanayouza simu na betri yapaswa pia kupokea zilizochakaa, huku Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ikikagua viwanda kabla ya watu kuugua. Bila hayo, sheria itabaki kama simu iliyo katika droo: ipo, lakini haiwaki.