Mwiba Mguuni na Homa ya Mwili Mzima

Mmoja wa vijana wetu wa chuoni alichomwa na mwiba mguuni. Siku ya pili mguu ulikuwa umefura, mwekundu, wa moto, naye ana homa. Mamake akatuuliza: mwiba mdogo kama huu, huwaje ukatia homa mwili mzima?

Homa haikutiwa na mwiba. Chini ya ngozi zimo chembe hai ambazo kazi yake ni ulinzi. Zikikutana na vijidudu vilivyoingia pamoja na mwiba, hutoa protini ndogo mno ambazo wataalamu huziita saitokini. Tuziite barua, na chembe isiyokuwa na pokeo la barua fulani haiisomi. Intaleukini-1 huiamuru mishipa midogo itanuke na kuta zake zinate, ndipo chembe nyeupe za damu, zipitazo mbio, zinaswe na kupenya nje. Intaleukini-8 huzionyesha njia ya kufikia jeraha. Ile ya kwanza tena hupeleka habari hata ubongoni, na joto likapandishwa. Basi uvimbe ule ni askari wetu wenyewe walioitwa. Kazi ikiisha, intaleukini-10 huwatuliza.

Lakini barua nazo huweza kuzidi. Katika maradhi ya korona, mapafu ya wengi waliokuwa mahututi hayakuharibiwa na virusi peke yake, bali na fujo ya ulinzi wao pia. Mwezi wa Juni 2020, majaribio ya RECOVERY huko Uingereza yalionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ipunguzayo uandikaji wa barua hizi, ilipunguza vifo kwa kadiri ya thuluthi moja kwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Wasiohitaji hata oksijeni haikuwafaa.

Hapo ndipo tunapotaka wazazi watusikilize. Dawa za jamii hiyo, yaani steroidi, wako wanaozinunua dukani bila ya cheti cha daktari, wakampa mtoto kwa kila uvimbe, kwa kuwa uvimbe hushuka upesi. Hushuka kweli! Askari wamezuiwa njiani, na vijidudu vingali mguuni.

Kijana wetu alipelekwa zahanati. Kipande cha mwiba kilichosalia kikatolewa, jeraha likasafishwa, akapigwa sindano ya pepopunda. Siku ya nne alirejea chuoni akichechemea.