Usiuze hisa kwa habari za mshindani pekee

Kampuni pinzani ikitangaza kushusha bei, mwekezaji mdogo hukimbilia kwa dalali na kuagiza hisa zake ziuzwe. Haraka hiyo imewatia wengi hasara.

Mfano mzuri ni wa Nairobi, Agosti 2010. Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilikata kwa nusu ada ambayo kampuni za simu hulipana, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Zain, iliyokuwa imenunuliwa na Bharti Airtel ya India, ikashusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika. Zain haikuwa katika Soko la Hisa; walioingiwa na hofu ni wenye hisa za Safaricom, ambao wengi walinunua kwa shilingi 5 mwaka 2008, baadhi yao kwa fedha za mkopo. Kufikia mwisho wa 2011 hisa hiyo ilikuwa karibu shilingi 3.

Hofu haikuwa ya bure. Faida ya Safaricom baada ya kodi ilishuka kutoka shilingi bilioni 15.1 katika mwaka ulioishia Machi 2010 hadi bilioni 12.6 miaka miwili baadaye. Lakini si mshindani peke yake aliyeangusha bei ya hisa. Mwaka 2011 mfumuko wa bei ulikuwa mkali, na Desemba riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 18, soko zima likaumia. Wakati huohuo wateja wa M-Pesa hawakuhama. Oktoba 2011 Safaricom ilipandisha bei za simu. Mwaka ulioishia Machi 2013 faida ilikuwa bilioni 17.5, na kabla ya Desemba kwisha hisa ilikuwa imevuka shilingi 10. Aliyeuza kwa shilingi 3 aliyaona hayo akiwa nje.

Habari mbaya za mshindani nazo si lazima ziwe neema. Mwaka 1992 wachumi Larry Lang na René Stulz walionyesha kwamba kampuni ikifilisika Marekani, kwa wastani hisa za wapinzani wake hushuka pia. Hupanda pale tu washindani ni wachache na hawana madeni makubwa. Kenya ililiona jambo hilo Aprili 2016: Chase Bank ilipofungwa, benki ndogo zilikimbiwa na wenye amana, na benki kubwa zikawapokea.

Kabla ya kumpigia dalali simu, mwenye hisa ajiulize mambo matatu. Je, habari hii inagusa biashara nzima au inahamisha wateja tu? Mshindani anaweza kuuza kwa bei hiyo hadi lini? Na faida ya kampuni yangu inatoka katika bidhaa hiyo kwa kiasi gani? Majibu yamo katika hesabu za mwaka, ambazo kila mwanahisa ana haki ya kuzisoma.