Maji Tunayoyaogea Yapimwe

Vikundi vyetu hupenda kwenda matembezi kandokando ya ziwa Nzilo, lile ziwa lililotokana na bwawa la umeme juu ya mto Lualaba. Tukifika, tunayatazama maji. Tukiona yanang'aa, tunaingia. Lakini jicho halioni viini vya magonjwa, wala haliwezi kuipima shaba iliyoyeyuka.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilijiwekea sheria mwaka 2006. Katika ziwa au mto, maji huhesabiwa kuwa bora kabisa ikiwa vijidudu vya kinyesi viitwavyo E. koli havizidi 500 katika mililita 100. Hupimwa mara zisizopungua 4 kila msimu, na matokeo hubandikwa pale pale ufukoni, ili mzazi asome kabla mtoto hajavua viatu. Sisi tunaona kwamba kibao hicho ndicho kiini cha sheria yote: kipimo kinachofungiwa ofisini hakimkingi mtu.

Hata hivyo, kuiga peke yake hakutoshi. Sheria hiyo haihesabu shaba wala kobalti, nasi tunaishi Kolwezi. Tunayajua mabaki ya kiwanda cha kuchambulia madini yaliyorundikwa Kingamyambo na kumwagwa katika bonde la Musonoi kwa miaka mingi. Kipimo chetu basi kitaje vijidudu, kitaje madini, kitaje na kichocho, ambacho konokono wa majini hukieneza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 juu ya maji ya kuogelea, linataka kila mahali pachunguzwe hatari zake penyewe, za kemikali pia.

Tena, nani anaoga kwetu? Anayekwenda Nzilo kucheza anaweza kuahirisha safari. Mama anayefua nguo mtoni na kuwaogesha watoto pale pale hana mahali pengine, na mchimbaji anayeosha mawe hushinda ndani ya maji hadi kiunoni. Kwa hiyo tukidai vibao, vya kwanza visiwekwe penye starehe. Viwekwe kwenye vivuko na mahali pa kufulia.

Wengine watasema kudai hivyo ni siasa. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliyahesabu maji salama kuwa haki ya msingi ya binadamu. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Na sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inataka anayechafua ndiye alipe. Gharama ya maabara, basi, isitafutwe katika sadaka ya Jumapili.

Tunaomba kila kikundi kiandike orodha ya mahali ambapo watu wa mtaa wake wanaoga, na idadi yao kwa siku moja. Orodha hizo zikikusanywa, tutaandamana na viongozi wa parokia kuzipeleka kwa idara ya mazingira ya jimbo, tukiuliza ni wapi pamepimwa, lini, na matokeo yako wapi.